Je, Dawa Ikishindwa, Dua Nayo Imekataliwa?



Miongoni mwa maswali yanayoletwa mara kwa mara na wale wanaouchunguza Uislamu, na hata na ndugu waliokwisha kuingia katika Jumuiya lakini nyoyo zao bado zinajifunza kutembea katika njia hii, lipo moja lisilotoka katika mabishano ya vitabu bali hutoka katika kitanda cha mgonjwa. Nalo ni hili: Mtu ameugua; ametafuta tabibu; ametumia dawa kwa utaratibu wote alioamriwa; ameomba, na jamaa zake wameomba pamoja naye; kisha ugonjwa umebaki pale pale. Je, afanye nini? Akitafuta tiba kwa mara ya pili, je, hashindani na makadara ya Mwenyezi Mungu? Na kama Mungu husikia maombi, mbona haya hakuyasikia?

Kwa mwongofu mpya swali hili lina uchungu zaidi. Jamaa aliowaacha katika njia ya zamani humjia na kumwambia kwamba mizimu imekasirika, au kwamba amelaaniwa kwa kuiacha dini ya wazee wake. Mwingine humwelekeza kwa mganga, kwa siri, usiku. Naye akiwa peke yake hujiuliza kama hawasemi kweli. Basi hili si jambo la mzaha. Imani ya mtu yaweza kuponea hapo, na yaweza kufia hapo.

Ili tusizungumze hewani, natutazame ugonjwa mmoja ambao habari zake zinajulikana vema: homa ya ini ya aina ya C. Nimeuchagua kwa sababu katika ugonjwa huu Mwenyezi Mungu ameonyesha, katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja, mwisho wa wale walioambiwa kwamba dawa yao ya kwanza imeshindwa.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huu huletwa na kirusi kinachoingia mwilini kwa njia ya damu: sindano isiyosafishwa, damu iliyotiwa mwilini bila kupimwa, wembe uliotumiwa na wengi. Aghalabu mtu hasikii maumivu yo yote kwa miaka 20 au zaidi, na huku ini lake linapata makovu, linakuwa gumu, na kwa baadhi ya watu mwisho wake ni saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 watu wapatao milioni 50 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwamba mwaka huo uliua watu wapatao 242,000. Chanjo yake haijapatikana.

Katikati ya miaka ya 1970 matabibu wa Marekani waliona kwamba wengi waliotiwa damu hospitalini walipata ugonjwa wa ini usiokuwa wa aina ya A wala wa B. Hawakuwa na jina la kuupa ila jina la kukanusha: si A, si B. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989, na mwaka 2020 wataalamu watatu, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Lakini tazama: matibabu yalianza kabla adui hajajulikana. Mwaka 1986 ilitangazwa habari ya wagonjwa 10 waliojaribiwa dawa iitwayo interferoni. Dawa hiyo ilipoenea, wagonjwa walidungwa sindano mara tatu kila juma, na hata waliodungwa mwaka mzima, waliopona hawakufikia mmoja katika kila watano. Mwaka 1998 ikaongezwa dawa ya ribavirini, na waliopona wakawa kama wanne katika kila kumi. Tangu mwaka 2001 ikapatikana interferoni ya kudungwa mara moja kwa juma, na waliopona wakapita nusu kwa kiasi kidogo.

Ewe msomaji, usiipite hesabu hii upesi. Kwa wengi ilikuwa majuma 48 ya sindano, homa, maumivu ya mwili, upungufu wa damu, na huzuni nzito ambayo iliwafanya baadhi yao wasitamani kuishi. Na baada ya mateso yote hayo, karibu nusu ya wagonjwa waliitwa na kuambiwa kwamba kirusi kingali katika damu.

Nani aliyeshindwa?

Ilikuwa desturi ya matabibu, na pengine ingaliko, kuandika kwamba mgonjwa fulani “ameshindwa matibabu”. Hebu tafakari maneno hayo. Mtu aliyevumilia mwaka mzima anaandikwa kama mwanafunzi aliyeanguka mtihani! Kumbe si yeye aliyeshindwa. Dawa ndiyo iliyomshinda kumsaidia. Tofauti hii si ya maneno matupu, kwani mzigo wa lawama hufuata maneno. Na hivyo hivyo hufanya wale wanaomwambia mgonjwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Nani amewapa mizani ya kupima nyoyo za watu?

Tena kushindwa kwenyewe si kwa namna moja. Wako ambao kirusi chao hakikupungua hata kidogo. Wako ambao kilitoweka, kisha kikarudi baada ya dawa kwisha. Wako ambao kilitoweka na kuchomoza tena wangali wanatumia dawa. Na wako ambao mwili wao haukuweza kuibeba dawa, wakaiacha njiani. Wote wanne husema neno moja, “sikupona”, lakini sababu zao ni mbalimbali, na njia ya kuwasaidia ni mbalimbali. Tushike jambo hili, maana tutalirudia.

Je, kutibiwa tena ni kushindana na makadara?

La hasha! Mabedui walimwuliza Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) kama inafaa watafute matibabu, naye akawaamuru watafute, akieleza kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa. Hakuweka mpaka wa mara moja. Wala hakusema kwamba akosaye mara ya kwanza akae chini.

Na katika siku za Ukhalifa wa Hazrat Umar (r.a.), uliokuwa baina ya miaka 634 na 644, tauni ilitokea Shamu wakati yeye akiwa njiani kwenda huko. Baada ya kushauriana na masahaba akaazimia kurudi. Hazrat Abu Ubaida (r.a.) akamwuliza kama anakimbia makadara ya Mungu. Khalifa akakubali kwamba ndivyo, ila akaeleza kwamba anayakimbia makadara ya Mungu kuelekea makadara mengine ya Mungu. Akapiga mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye upande mkavu na upande wenye majani, ambaye po pote atakapochunga, amechunga kwa kadari ya Mungu. Basi ugonjwa ni kadari, na dawa ni kadari. Na kushindwa kwa dawa ya kwanza ni kadari, na kupatikana kwa dawa ya pili pia ni kadari. Kwa nini basi mtu aichague moja kati ya hizo nne na kusema kwamba hiyo peke yake ndiyo iliyotoka kwa Mungu?

Masihi Aliyeahidiwa (a.s.) aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake Barakatud-Dua mwaka 1893, akiwajibu walioona kwamba dua haina athari kwa kuwa kila kitu kimekwisha kukadiriwa. Hoja yake kwa muhtasari ni kwamba, kama makadara hayaziondolei dawa athari zake, basi hayaiondolei dua athari yake pia. Yeye aliyeweka nguvu katika mti wa dawa ndiye aliyeweka nguvu katika maombi. Mwenye kushika dawa na kuacha dua ameikata kamba upande mmoja, na mwenye kushika dua na kuacha dawa ameikata upande wa pili.

Habari ya asali

Sasa tufike kwenye kiini cha swali letu: kurudia baada ya kushindwa. Katika Hadithi sahihi imo habari ya mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akasema kwamba ndugu yake anaumwa tumbo. Akaambiwa amnyweshe asali. Akarudi na kusema kwamba ugonjwa umezidi. Akaambiwa amnyweshe asali tena. Ikawa hivyo mara kwa mara, mpaka hatimaye yule mgonjwa akapona. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameeleza kwamba siri ya kurudia ilikuwa katika kipimo: dawa isipofikia kiasi cha ugonjwa haiuondoi, na ikizidi kiasi hudhuru.

Na katika Hadithi nyingine tunafundishwa kwamba dawa inapolingana na ugonjwa, mtu hupona kwa idhini ya Mungu. Humo mna masharti mawili: kulingana, na idhini. Basi dawa isipoponya, swali la kwanza la Mwislamu si “Je, Mungu amenikataa?” bali ni “Je, dawa ililingana?”

Hapa pana hatari ya kukosea kwa upande wa pili. Huenda mtu akadhani kwamba subira ni kurudia lile lile bila kufikiri. Sivyo. Wagonjwa waliokuwa hawakupona kwa interferoni ya zamani walipopewa interferoni mpya pamoja na ribavirini katika uchunguzi mmoja mkubwa wa Marekani, waliopona walikuwa 18 tu katika kila 100. Ndipo wataalamu wakataka kujua: wale wasiopona, je, itawafaa waendelee na interferoni kidogo kidogo kwa miaka mingi, ili angalau ini lisizidi kuharibika? Wagonjwa 1,050 wakagawanywa mafungu mawili. Fungu moja likadungwa kwa miaka mitatu na nusu, na la pili halikudungwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: ugonjwa ulizidi sawasawa katika mafungu yote mawili. Sindano za miaka mitatu na nusu hazikuzuia kitu.

Basi wakaacha. Na kuacha huko hakukuwa kukata tamaa, kwa sababu utafutaji haukuachwa. Mvumilivu hubadili njia anapopewa elimu, wala haachi safari. Mkaidi hushika njia hata baada ya kuonyeshwa kwamba haifiki. Na wako wagonjwa ambao katika miaka hiyo tabibu mwema aliwashauri wangoje. Kungoja kwa kuagizwa, huku mtu analitunza ini lake na kupimwa kwa wakati, nako ni matibabu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi

Mwaka 2011 zilipatikana dawa mbili mpya za kuongezwa juu ya zile za zamani. Moja ya hizo, telapreviri, ilipotumiwa kwa watu ambao kirusi chao kilikuwa kimetoweka kisha kikarudi, zaidi ya wanane katika kila kumi walipona. Lakini kwa wale ambao dawa ya kwanza haikuwafaa kabisa, walipona watatu tu katika kila kumi. Unaona, ewe msomaji, kwa nini nilikuambia kwamba kushindwa si kwa namna moja?

Kisha mwisho wa mwaka 2013 kikaruhusiwa kidonge cha sofosbuviri, na mwaka 2014 kikaunganishwa na ledipasviri. Mwaka huo huo yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 440 ambao wote walikuwa wametibiwa kabla bila kupona. Na mmoja katika kila watano alikuwa na ini lililokwisha kuwa gumu. Walimeza kidonge kimoja kila siku kwa majuma 12 au 24, wengine pamoja na ribavirini. Waliopona walikuwa kati ya 94 na 99 katika kila 100. Watu hawa ni walewale waliokuwa wameandikwa kwamba wameshindwa.

Wala usidhani kwamba dawa mpya hazishindwi. Mfano uko karibu nasi, Rwanda. Katika uchunguzi ulioanza huko mwaka 2017, watu 300 walitibiwa kwa sofosbuviri na ledipasviri, wakapona 261. Wengi wa wasiopona walikuwa na tawi la kirusi ambalo ni adimu katika nchi zilizotengeneza dawa hiyo, lakini si adimu Rwanda. Na miongoni mwa wenye tawi hilo waliopona walipita nusu kidogo tu. Je, Mungu wa Rwanda alikuwa mbali kuliko Mungu wa Marekani? Astaghfirullah! Dawa haikulingana na kilichokuwamo katika damu yao. Na watu 40 waliokuwa wametibiwa kwa dawa hizi mpya bila kupona walipotibiwa tena huko Rwanda kwa dawa tatu zilizounganishwa, ambazo zilikuwa zimeruhusiwa tangu mwaka 2017 kwa ajili ya watu wa namna hiyo, karibu wote walipona.

Hebu jiulize: mmoja wa watu hao angalienda kwa mganga baada ya jibu la kwanza, akaambiwa kwamba ni mizimu, akatoa kondoo na fedha, na kurudi nyumbani na kirusi chake, je, angaliujua ukweli uliokuwa ukimngoja?

Wajibu wa walio wazima

Swali hili haliwahusu wagonjwa peke yao. Tangu miaka ya 1950 hata mwanzo wa miaka ya 1980, serikali ya Misri iliwatibu watu wake kichocho kwa sindano za dawa ya antimoni. Nia ilikuwa njema, na kichocho kilikuwa balaa kubwa. Lakini sindano hizo hizo zilitumiwa kwa watu wengi bila kusafishwa sawasawa, na kirusi kisichokuwa na jina kikapita toka damu hadi damu. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kama 15 katika kila 100 ya Wamisri wenye umri wa miaka 15 mpaka 59 walikuwa na dalili ya kuwa waliingiwa na kirusi hicho. Tiba ya ugonjwa mmoja ikawa mlango wa ugonjwa mwingine.

Taifa lile lingaliweza kusema: tumetibu mara moja, tukaleta msiba, hatutibu tena. Halikusema hivyo. Vidonge vile ambavyo Marekani viliuzwa kwa dola 84,000 kwa majuma 12, Misri ilivipatana mwaka 2014 kwa dola 900. Kisha katika miaka 2018 na 2019 ikapima watu karibu milioni 50, na kuwatibu waliokutwa na ugonjwa. Mwezi Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa imefika mbali katika njia ya kuutokomeza ugonjwa huu. Hiyo ndiyo toba ya taifa: kurudia tendo lile lile la kutibu, lakini kwa elimu na kwa sindano safi.

Na ile tofauti baina ya dola 84,000 na dola 900 inatuuliza swali sisi sote. Mungu ameteremsha dawa; binadamu ameiweka juu ya rafu ya juu. Anayemwambia maskini asubiri ilhali dawa ipo na mkono wake waweza kuishusha, ameyaita makadara ya Mungu lile ambalo ni choyo yake mwenyewe.

Ama kuhusu dua

Sasa mtu atasema: “Nimeelewa habari ya dawa. Lakini mimi niliomba mwaka 2005, na dawa ikaja mwaka 2014. Na ndugu yangu aliyeomba pamoja nami alikufa mwaka 2012. Dua yake ilikwenda wapi?”

Hili ni swali la haki, wala halifai kujibiwa kwa wepesi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba dua ya mwenye kuamini haipotei: ama hupewa alichoomba, ama huepushiwa shari nyingine, ama huwekewa akiba Akhera. Hatukuahidiwa kwamba hakuna atakayekufa. Mitume wenyewe waliugua na kufa. Masihi Aliyeahidiwa (a.s.) aliishi miaka mingi na maradhi mawili yasiyoondoka, kizunguzungu na ugonjwa wa mkojo, huku akitumia dawa na akiandika vitabu vyake, na Khalifa wake wa kwanza, Hazrat Maulvi Nuruddin (r.a.), alikuwa tabibu mashuhuri. Basi anayesema kwamba ugonjwa usioondoka ni dalili ya ghadhabu ya Mungu, na aanze kwa kutueleza habari ya hao.

Tena tazama jinsi dua zinavyojibiwa katika Kurani Tukufu. Nabii Ayubu (a.s.) alipolia kwa Mola wake, aliamriwa atumie mguu wake, akaonyeshwa maji baridi ya kuoga na kunywa, jibu la dua likaja katika sura ya kazi na ya dawa. Nabii Yaakub (a.s.) alikuwa amempoteza Yusuf kwa miaka mingi, kisha akampoteza na ndugu yake, msiba ukawa maradufu. Hapo ndipo alipowaamuru wanawe wakawatafute wote wawili, na wasikate tamaa ya rehema ya Mungu. Amri ya kwenda na katazo la kukata tamaa vimewekwa pamoja. Na Bibi Hajra alikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba, na kila mara kilima kilikuwa kitupu. Maji hayakutoka kilimani alikokimbilia; yalitoka alipokuwa mtoto. Hata hivyo kila Haji hukumbuka mbio zake, na Mungu hakuziita bure.

Nasaha

Basi, ndugu uliyeambiwa kwamba dawa yako imeshindwa, usione haya kumwuliza tabibu wako: Kushindwa huku ni kwa namna gani? Kirusi changu ni cha aina gani? Ini langu liko katika hali gani? Nimepimwa homa ya ini ya aina ya B, ambayo yaweza kuamka wakati wa matibabu haya? Ukipewa dawa nyingine, usiikatishe njiani. Ukiambiwa ungoje, ngoja huku umeacha kila kinachoharibu ini, na pombe ni ya kwanza. Ukipona, kumbuka kwamba kirusi chaweza kuingia tena, na kwamba ini lililokuwa na makovu lahitaji kuendelea kupimwa. Shukrani bila ulinzi haidumu.

Na wewe mzima wa mwili unayesoma maneno haya, je, huna ugonjwa uliotibiwa ukarudi? Ulitubu uongo, ukarudi. Ulitubu hasira, ikachomoza ungali katika sala. Sasa Shetani anakuambia kwamba toba yako ya kwanza imeshindwa, hivyo ya pili ni unafiki. Mjibu kwa kanuni hiyo hiyo: chunguza kwa nini ilishindwa, badili ulichokosea, na urudi mlangoni. Mlango ule haukuwekewa hesabu ya mara ngapi waweza kubishwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape matabibu elimu, alainishe nyoyo za wenye uwezo, na atujalie sote tuombe kama kwamba hakuna dawa, na tutafute dawa kama kwamba ndiyo dua yetu. Amin.